Raba ya Breki

Gede,
Alhamisi, 17 Julai 1986.

Kwako kaka yangu Dena,

Shikamoo kaka. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, kifua kimetulia na vumbi la mawe, na ile kucha iliyopondwa machimboni imeota nyingine. Priscilla wako alimwambia mama kanisani kwamba mkono ulivimba mpaka ukawa huwezi kushika kijiko. Je, umepona? Unakula vizuri? Mama anauliza kama huko Kuruwitu nyinyi wanaume wa machimbo bado mnakula ugali kwa chumvi, au mmepata mtu wa kuwapikia mchuzi.

Sisi hapa hatujambo. Mama yuko salama, ila magoti yanamsumbua akiinama. Baba hajambo, anatembea na fimbo yake, siku hizi anafika mpaka dukani barabarani na kurudi. Akirudi anajidai hakuchoka, lakini anakaa kwanza kwenye kinu kabla ya kuingia ndani. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mahindi yamepata mvua. Hata nyani mwaka huu wametuhurumia.

Barua hii anakuletea fundi Nahashon kwa mkono wake. Anakwenda Mombasa kununua spea, na amesema atateremka Vipingo, hapo jirani na kwenu, akutafute machimbo kwa machimbo mpaka akupate. Usishangae kumwona, wala usimpokee vibaya kwa yale aliyoyasema juu yako mwaka ule. Ukimaliza kusoma utajua kwa nini. Mwandiko ukiuona umekwenda kombo unisamehe, anaondoka saa nane na sasa ni saa nne, na mimi unanijua, nikianza kitu mkono unakimbia akili inabaki nyuma. Na hilo ndilo lililotufikisha hapa tulipo.

Kaka, barua yako ilifika Jumapili. Miwani ya baba imevunjika kioo kimoja, kwa hiyo msomaji wa nyumba hii ni mimi. Nikaisoma barazani, baba kwenye kiti chake, mama chini kwenye mkeka anachambua mchicha. Nilianza kwa sauti kubwa maana nilifurahi kuona mwandiko wako. Nilipofika katikati nikaanza kusoma haraka haraka, baba akasema, "Soma wewe, mbona unameza maneno?"

Uliandika umechoka. Miaka miwili imetosha. Ukasema uko tayari kukubali mbele ya wazee kwamba ile Jumapili ulianguka na pikipiki ya baba, ukanyamaza, na kwa kunyamaza kwako baba akaipanda ikiwa mbovu akavunjika mguu. Ukasema Jumamosi ya tarehe ishirini na sita utakuja na mjomba, na kadzama ya tembo la mnazi, uiweke chini mbele ya baba kama anavyofanya mtu wa kwetu aliyekosa, uombe radhi. Na baba akishaipokea, basi naye akubali kwenda Jilore kwa mzee Mwambire kukuposea Priscilla, maana mzee amekataa katakata kumtoa bintiye kwa mtu ambaye baba yake mwenyewe anasema alitaka kumuua.

Baba akaniambia, "Pale pa kukubali, soma tena." Nikasoma tena. Akataka mara ya tatu. Halafu akatazama barabarani, akasema, "Mwanangu sasa ni mtu mzima." Mama akatupa mchicha akapiga vigelegele. Baadaye kidogo akakumbuka yeye ni wa kanisani, akauliza tembo litaingia vipi nyumba ya mzee wa kanisa. Baba akamjibu kadzama ni kadzama, na kwamba Bwana mwenyewe alialikwa arusini na watu walikunywa. Wakacheka wote wawili. Kaka, sijawasikia wakicheka pamoja tangu uondoke. Tangu siku hiyo mama amemfungia yule jogoo mwekundu anampa pumba asubuhi na jioni, ni wako huyo, wa Jumamosi.

Na mimi kila nikimwona jogoo yule napita upande wa pili nisimtazame.

Dena, usije na kadzama hiyo. Usikubali kosa. Hukuanguka na pikipiki, najua hukuanguka, na nimejua tangu siku ile ile. Tafadhali kama uko mbele za watu ondoka kwanza, kaa mahali peke yako, usome yanayofuata pole pole.

Unaikumbuka pikipiki ya baba ile ya bluu, aliyouziwa na Mzungu wa Watamu aliyekuwa anarudi kwao. Pikipiki zote za Gede zilikuwa na breki za ndani ya gurudumu, zimefunikwa, hakuna anayeziona. Hii gurudumu la mbele lilikuwa na sahani ya chuma nje wazi, na kile kidude kinachoibana sahani kama koleo ukivuta mkono wa breki. Watu walikuwa wanainama kukitazama. Nahashon mwenyewe alisema, "Hiyo kitu ni ya Mombasa, mimi naogopa." Mimi sikuogopa. Tangu siku ya kwanza nilikuwa nakitazama kidude kile kama mtu anavyotazama chungu kilichofunikwa.

Sasa mwaka ule wa njaa na mahindi ya njano, mwezi huu huu wa saba, kikaanza kuvuja. Mafuta yakawa yanateremka kwenye gurudumu, na mkono wa breki ukiuvuta unalala mpaka unagusa usukani. Baba alikuwa karani wa kununua mbata, Jilore mpaka ng'ambo ya mto, kila siku njiani, akasema akipata nafasi ataipeleka Malindi kwa mafundi wanaojua. Kwa sasa atatumia breki ya nyuma. Unakumbuka mama alivyomtania kwamba breki ya nyuma ni soli za viatu vyake?

Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza darasa la saba, nimekaa tu. Nilikuwa nimeshafungua cherehani ya mama nikairudisha ikashona vizuri kuliko kwanza. Redio ya katekista nayo niliifufua kwa kipande cha waya. Kila nilichofungua kilinitii. Nikaanza kujiona, kaka. Nikaona hakuna chuma duniani kinachoweza kunikatalia. Mafuta yale yakidondoka nilikuwa nahesabu matone.

Jumamosi ile baba na mama walikwenda Jilore matangani kwa shangazi, kurudi Jumapili jioni. Wewe ukaenda mpirani. Nikatandika gunia nyuma ya jiko, nikachukua spana za baba chini ya kiti cha pikipiki, nikafungua bolti mbili kidude kikaning'inia kwa mpira wake mwembamba. Nikatoa vile vipande viwili vinavyobana sahani. Nikavuta mkono wa breki, nikavuta, nikavuta, na pistoni ikawa inatoka kidogo kidogo kama kobe anavyotoa kichwa. Mara, pwaa! Mafuta yakaruka yakanipata usoni, yakapata leso ya mama, mengine yakamwagika kwenye tangi, na rangi ya bluu ikatoka hapo hapo mahali padogo. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Pistoni ilikuwa imeshika kutu na uchafu mweusi kama ukoko wa ugali. Na ndani, kwenye mfereji wake, kulikuwa na raba, duara jembamba kama bangili ya mtoto mchanga, uchafu umejipanga nyuma yake. Nikasema, huyu ndiye mwizi. Nikaitoa raba kwa sindano ya kufumia. Pistoni nikaipiga msasa, nikaisugua kwa jivu, ikang'aa. Halafu nikaosha kila kitu kwa mafuta ya taa. Na raba nikaiacha imelala ndani ya mafuta ya taa kwenye kopo la Kimbo mpaka asubuhi, iwe safi kabisa kabisa.

Jumapili nilikwambia kichwa kinauma, siendi kanisani. Nilikwenda nyuma ya jiko. Raba ilikuwa imenenepa. Naiweka kwenye mfereji wake haitaki, inatoka. Mtu mwenye akili angesimama pale ajiulize raba inanenepa vipi kama mtu aliyetoka matangani. Mimi nikasema, afadhali, raba nene ndiyo inayoziba. Nilikuwa nataka kitu laini cha kuisukumia ndani, na kwetu kitu laini ni kimoja tu. Mtoto akizaliwa tunampaka mafuta ya nazi. Bawaba ya mlango ikilia, mafuta ya nazi. Nywele, mguu ulioteguka, cherehani, yote ni hayo hayo. Nikachukua chupa ya mama. Mwezi wa saba, kaka, baridi, mafuta yameganda meupe mpaka shingoni, kama kawaida. Nikaiweka chupa juani ikayeyuka. Niliiyeyusha kwa mikono yangu mwenyewe, na akili haikuniuliza kitu.

Raba ikaingia. Pistoni ikaingia kwa kuilazimisha. Mafuta ya breki yenyewe yalikuwa yamebaki kidogo chini ya kopo la baba, hayafiki nusu ya kile kikombe kilichoko juu kwenye usukani. Nikajaza na ya nazi. Nikatoa hewa, nikaendelea kujaza, mpaka mkono wa breki ukawa mgumu, unasimama pale unapotakiwa kusimama. Hakuna tone. Nikacheza ngoma kulizunguka gunia. Nikaosha mikono, nikarudisha spana, na sikumwambia mtu, hata wewe. Nilitaka Jumatatu baba avute breki njiani ashangae, arudi aulize ni nani amefanya, na mimi nijifanye nachota maji kwanza kabla ya kujibu. Nilikuwa nimeshalichagua mpaka jibu.

Mchana ule wewe ukarudi kutoka kanisani ukaitoa pikipiki, ukampakia Priscilla mkaenda Watamu. Ukaniwekea kidole mdomoni, nisiseme. Uliporudi alasiri uliniambia, "Jeda, breki ya mzee leo inashika kweli kweli, imejiponya?" Nikacheka nikaingia ndani. Ningesema neno moja tu pale. Lakini nilitaka sifa ya baba kwanza, yako niliona ndogo.

Jumatatu alfajiri ilikuwa baridi na manyunyu. Nilimpangusia baba umande kwenye kiti mimi mwenyewe. Akaondoka. Mengine unayajua. Karibu na Jilore mbuzi alikatiza, baba kwa mazoea akavuta breki ya mbele mara moja, mbuzi akapita, akaachilia. Breki haikuachia. Alivyotusimulia, ilikuwa kama kuna mtu mbele ameshika gurudumu anazidi kukaza na kukaza, akajaribu kupunguza mwendo, na kwenye mteremko gurudumu likakamata kabisa, baba akaruka juu ya usukani. Mfupa wa paja ukakatika vipande viwili.

Nilikwisha kuelewa sababu. Raba ilivimba ikaikumbatia pistoni isirudi. Na kule juu nazi iliganda ikaziba kale katundu kadogo kanakorudisha mafuta breki ikiachwa. Jumapili juani ilikuwa mafuta, ndiyo maana wewe ulirudi salama. Alfajiri ya Jumatatu ilikuwa mshumaa.

Lakini kaka, kuharibu breki si hilo linaloniua. Hilo lilikuwa ujinga, na ujinga hata baba angeusamehe. Sasa nakwambia lile lenyewe.

Pikipiki ililetwa nyumbani asubuhi ile ile juu ya pikapu ya mbata, bado mawingu. Nyote mlikuwa mmekimbilia hospitali Malindi. Nilibaki mimi na kuku. Nikafungua kile kikombe cha juu, nikaona weupe. Umeganda, una alama ya kifuniko. Nikajua saa ile ile. Na unadhani nilifanya nini? Nilikwenda jikoni nikachemsha maji. Nikakosha kikombe kile kwa maji moto na sabuni, nikapangusa kwa kitambaa, nikamimina mafuta machafu ya injini, nikafunga. Nilisugua kwa bidii kuliko nilivyosugua pistoni. Kwa hiyo Nahashon alipokuja kesho yake kutazama alikuta usukani umepinda, sahani imepinda, gurudumu limekamata, akatikisa kichwa akasema, "Hii ilikuwa imeanguka mbele ya kuanguka na mzee." Alisema alichokiona. Nilichokiosha hakukiona.

Halafu ikaja ile Alhamisi hospitali. Najua unaikumbuka, lakini acha niiandike mimi, ni zamu yangu. Baba amelala, mguu umening'inizwa kwa kamba na jiwe la uzito. Alikuwa ameshaambiwa na watu wa stendi kwamba Jumapili ulionekana Watamu na pikipiki na msichana nyuma. Hakukugombeza kwa kuichukua. Alisema kwa sauti ndogo, "Dena, ungeniambia tu. Nimeanguka nayo baba, usiipande. Basi. Mbona ukaninyima maneno manne?" Ukaapa hukuanguka. Ukasema, "Baba, breki ilikuwa nzima, ilikuwa inashika kuliko siku zote!" Na baba akageuzia uso ukutani, akamwambia mama, "Unamsikia? Gede nzima imeona breki ile ikivuja wiki mbili, yeye anasema ilikuwa nzima. Huyu hata uongo hajui kuupanga."

Uliongea kweli tupu, na katika chumba kile mtu wa kujua kuwa ni kweli alikuwa mmoja.

Ukanigeukia. Nayaona macho yako mpaka leo. Ukasema, "Jeda, wewe ulikuwa nyumbani. Si uliniona nikirudi? Mwambie baba." Mama akanitazama, baba naye akageuza kichwa akanitazama. Nami nikasema, "Mimi nilikuwa jikoni. Sikuona."

Niliona, Dena. Nilikuwa mlangoni. Nilikuona ukiingia unaisukuma, umezima injini ili majirani wasisikie. Ukavua shati ukaipangusa vumbi, kuanzia taa ya mbele mpaka namba ya nyuma, ukaizunguka mara mbili kuangalia kama kuna alama. Haikuwa na alama. Wewe hukuwa na mchubuko hata mmoja. Nilikuona wazi kama ninavyoiona karatasi hii.

Nilisema nitaisahihisha kesho. Kesho baba alikuwa na homa. Kesho kutwa wewe na baba hamkusemezana. Wiki ya pili ukafunga nguo zako kwenye mfuko ule wa sukari, na mimi nikakufungia maandazi ya njiani. Ukanishukuru, kaka. Ukaniambia niwatunze wazee.

Jana Jumatano nilimwambia baba. Nilimngoja amalize chai, nikapiga magoti, nikasema yote, raba, mafuta ya taa, nazi, na hospitali. Unajua alifanya nini? Alikasirika, lakini alikukasirikia wewe! Akasema, "Kumbe haya imemshika, hawezi kuileta kadzama mwenyewe, amekutuma wewe mtoto wa kike umbebee mzigo." Nikaapa. Mama akanifinya akanong'ona ninyamaze nisivunje jambo lililokwisha kupatana. Baba akasema breki ile mafundi wanaume waliikimbia, nani atamwambia iliwahi kufunguliwa na msichana kwa sindano ya kufumia. Akaagiza Nahashon aitwe ili niaibike vizuri. Nahashon akaja na kicheko chake, akasema, "Huyu? Huyu apike chapati tukule."

Pikipiki iko pale pale nyuma ya nyumba chini ya magunia, unajua baba hajakubali kuiuza wala kuitengeneza. Nikaifunua. Nikachukua spana nikafungua bolti zile mbili, zimeshika kutu nikazigonga zikaachia. Nikatoa vipande. Mkono wa breki haukusukuma kitu, nikaing'oa pistoni kwa koleo, Nahashon alikuwa ameacha kucheka zamani. Nikatoa raba nikamwekea mkononi. Akaigeuza, akaijaribu kwenye mfereji wake, ikakataa kukaa. Akanusa. Akamwambia baba pole pole, "Mzee, hii ililowekwa mafuta ya taa. Hii mtu alifungua."

Baba akasema raba si ushahidi. Basi nikafungua ule mpira mwembamba unaoteremsha mafuta kutoka juu. Kile kikombe nilikiosha mwaka ule, mpira sikuuosha, sikuukumbuka. Jana asubuhi ilikuwa baridi, mama alikuwa amekwisha kuiweka chupa yake juani. Nikausukuma mpira kwa waya, na upande wa pili kikatoka kitu cheupe, kirefu kama mnyoo, kikaanguka kwenye gunia.

Baba aliinama na fimbo yake akakiokota. Akakisugua kwa vidole viwili. Akanusa. Kaka, mtu aliyenunua mbata miaka ishirini, anayeweza kunusa gunia akakwambia limekaushwa kwa moshi au kwa jua, huwezi kumfundisha harufu ya nazi iliyochacha. Alinusa mara moja tu.

Akaniuliza swali moja. "Siku ile, ulimwona kaka yako akirudi?" Nikasema nilimwona. "Hakuwa na kitu?" Nikasema, "Hakuwa na kitu, baba." Nilikuwa nimejitayarisha kupigwa, nilitaka kupigwa. Hakunigusa. Aliingia ndani akakaa kitandani na kofia kichwani, na chakula cha mchana hakula.

Asubuhi hii amenipa karatasi na kalamu bila kunitaja jina. Ameniambia niandike hivi, na naandika kama alivyosema: "Mwambie Dena Jumamosi asije. Asilete kadzama, hana kosa la kuliombea radhi. Nitakwenda mimi kwake. Nikishamwambia ninayotaka kumwambia, yeye ndiye atakayesema kama Jilore niende au nisiende." Tangu atoke hospitali baba hajapanda gari kwenda popote kupita Malindi, mguu haukunji vizuri. Mama amesema atamkodishia kiti cha mbele.

Mama naye ananipakulia chakula lakini hanitazami. Huyo Nahashon ndiye pekee anayesema na mimi, akikukabidhi barua hii atakuomba radhi kwa kinywa chake, amesema hivyo. Ameniuliza kama nataka kwenda kujifunza kwenye karakana yake. Nimemwambia sitaki kushika spana. Kweli ni kwamba nataka, mikono bado inawasha, na hilo nalo linanitia aibu.

Baba amesema mimi na mama tutakwenda naye hiyo Jumamosi. Sikuombi msamaha kwenye karatasi, karatasi ni rahisi, ningeweza kukuandikia mwaka juzi. Na sitaki uniangalie kwa sababu tu baba amenileta mbele yako. Nitateremka nao Vipingo, nitawaacha waje kwako, mimi nitakaa pale barabarani mbele ya maduka. Ukitaka kunisikia, tuma mtu aniite. Nitakaa mpaka basi la saa tisa la Malindi. Ukiwa hukutuma mtu nitapanda hilo, na nyumbani sitalia mbele ya yeyote wala sitamwambia yeyote kwamba kaka yangu ni mgumu.

Wasalimie wenzako wote wa machimbo, na Priscilla akija umsalimie, ingawa sijui kama atataka salamu zangu. Mama anasema ufunge mkono huo kwa kitambaa safi. Baba anakusalimu. Amesema niandike neno hilo, halafu akasimama nyuma yangu kuangalia kama nimeliandika.

Nimeishia hapa, Nahashon anapiga honi.

Mimi mdogo wako, niliyekuona ukirudi,

Jedida Thoya.